Ondoeni Mito Kitandani mwa Mtoto

Siku hizi ukienda kumwona mzazi Kihonda, Kilakala au Mazimbu, hapa Morogoro mjini, huonyeshwi mtoto kwanza, huonyeshwa kitanda. Kimesimama kwenye kona, au kwenye chumba chake chenyewe kama nyumba ina nafasi. Kimepakwa rangi nyeupe, kimezungushiwa mito ya sponji pande zote nne. Ndani mna mto mdogo wenye tundu katikati, blanketi la manyoya na wanasesere wawili watatu, na juu kimening'inizwa chandarua chepesi chenye utepe. Wageni husifu, shangazi hupiga picha, na picha inazunguka kwenye kundi la familia kabla mama hajamaliza arobaini. Kisha hukumu hupitishwa, mara kwa mdomo, mara kwa jicho tu: huyu kapata wazazi wanaojua. Yule wa kijijini Kinole anayelala ubavuni mwa mama yake, wazazi wake bado wamo gizani.

Naikataa hukumu hiyo. Kitanda kilichojazwa vitu, kikawekwa mbali na mama na nje ya chandarua chenye dawa, si mahali salama pa kumlaza kichanga, hata kiwe kimenunuliwa kwa mshahara wa miezi miwili. Usiku mtoto mchanga ana haja tatu: pahali pagumu, bapa na patupu, mkono wa mama unaomfikia bila mama kushuka kitandani, na kinga ya mbu ileile anayoipata mama. Kitanda kidogo kinachofungwa ubavuni mwa kitanda cha mama, kilichorandwa na seremala wa mtaani, hutimiza zote tatu. Kile cha kupigia picha mara nyingi hakitimizi hata moja.

Niweke kwanza jambo hili kwenye kipimo chake, nisije nikauza hofu kama wale ninaowapinga. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wao huondolewa na kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Vita kubwa ya kichanga hupiganwa wodini, si dukani. Lakini mtoto akishavuka hapo salama, akaletwa nyumbani, swali la wapi alale linakuwa mikononi mwetu sisi wenyewe. Hapo hakuna mwingine wa kumlaumu.

Tuanze na mito. Kichwa cha kichanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, kisogo kimetokeza, na shingo haina nguvu. Ukimwekea mto chini ya kichwa, kidevu husukumwa kifuani na njia ya hewa, ambayo bado ni laini na nyembamba, hubonyea. Akigeuza uso ukazama kwenye mto wa pembeni, anaanza kuvuta hewa ileile aliyoitoa. Oksijeni inapungua, naye hana nguvu ya kujinasua wala pumzi ya kulia. Kifo cha namna hii hakina kelele, ndiyo maana mama aliyelala chumba cha pili hana habari mpaka alfajiri.

Mtaniuliza: kama mito ya kuzungushia kitanda ni hatari, mbona ilitengenezwa? Ilitengenezwa kwa sababu vitanda vya zamani vya Ulaya na Marekani vilikuwa na fito zilizoachana mno, na watoto walikuwa wakipenyeza mwili kati ya fito, kichwa kikanasa. Mto ulikuwa kiraka cha kitanda kibovu. Kanuni za Marekani za mwaka 1973 ziliamuru nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6 hivi, na tangu hapo mto ule haukuwa na kazi tena isipokuwa urembo. Uliendelea kuuzwa kwa karibu miaka 50, ukiendelea kuua. Mwezi Mei 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria inayopiga marufuku kutengeneza na kuuza mito hiyo ya sponji nchini mwake, pamoja na vitanda vya kulalia vichanga vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kitanda chenye mito ndicho cha kisasa, tuulize ni kisasa cha nani. Walioanzisha mtindo huo wameukana kwa sheria ya bunge lao. Sisi tuliingiza fanicha yao, maarifa yao tukayaacha bandarini.

Wala bei na jina la kampuni havitoi dhamana. Kampuni ya Fisher-Price ya Marekani ilianza mwaka 2009 kuuza kitanda kilichoinama kilichoitwa Rock 'n Play. Kilipendwa, kilizawadiwa kwenye sherehe za kumsubiri mtoto, kilisifiwa na akina mama waliosema ndipo watoto wao walipoanza kulala usiku kucha. Aprili 2019 viliondolewa sokoni vyote, kiasi cha milioni 4.7, baada ya kuripotiwa vifo vya zaidi ya vichanga 30. Kufikia Januari 2023, tangazo la kuviondoa sokoni lilipotolewa tena, vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vimekaribia 100. Kasoro haikuwa kwenye mbao wala rangi. Ilikuwa kwenye ule mwinamo na ule ulaini, yaani kwenye sifa mbili zilizokiuza.

Na wale wanaosubiri mtumba uliopitia Kariakoo wajue kwamba vitanda vyenye ubavu wa kushusha na kupandisha, ambavyo kwa mtazamo wa haraka huonekana vya kifahari, vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani kuanzia Juni 2011. Ubavu ulikuwa ukichomoka upande mmoja, mtoto akateleza kwenye mwanya, akanaswa. Kitanda cha mtumba hakiji na barua ya kueleza kwa nini mwenyewe alikiacha.

Hoja ya pili ni ya mbu, na hapa mkoa wetu hauna haja ya kufundishwa na mtu yeyote. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ifakara waliendesha katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei ambayo mkulima angeimudu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la Lancet: miongoni mwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vile vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai. Ushahidi huo uliotoka kwenye mabonde ya mkoa huu ulisaidia kuishawishi nchi nzima. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo kwa wajawazito, na leo mjamzito anayeanza kliniki hupewa chandarua chenye dawa.

Sasa tazama tunachokifanya na urithi huo. Mama analala chini ya chandarua chenye dawa alichopewa kliniki. Mtoto, ambaye chandarua kile kilitolewa hasa kwa ajili yake, analala kwenye kona chini ya kitambaa cha utepe kisicho na dawa yoyote. Kitambaa chenyewe ni kifupi. Mkono wa mtoto ukikigusa, mbu humuuma kupitia matundu yake. Akianza kushika vitu, hukivuta usoni. Kinga aliyoichukua kwa mama yake humsaidia miezi ya mwanzo, kisha hufifia, naye bado yumo kwenye kitanda hichohicho. Morogoro mjini, penye mito inayoteremka kutoka Uluguru na madimbwi inayoyaacha, kumtoa mtoto nje ya chandarua chenye dawa ili alale kwenye kitanda kizuri ni kumpeleka kwenye hatari inayoimba sikioni.

Hoja ya tatu ni umbali. Kichanga hunyonya usiku kila baada ya saa mbili au tatu. Mama aliyejifungua kwa operesheni, mshono ukiwa bado mbichi, ainuke, ashuke, atembee hadi kwenye kona, ainame juu ya fito na kumnyanyua mtoto. Afanye hivyo mara tatu nne kwa usiku mmoja. Kufikia juma la pili amekwisha choka. Anakaa kwenye kochi kumnyonyesha, usingizi unamchukua, na mtoto anateleza kati ya kiwiliwili chake na mto wa kochi. Hapo ndipo mahali pa hatari kuliko pote. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, ambacho hakina mzaha hata kidogo na mtoto kulala kitanda kimoja na wazazi, kimeandika wazi kwamba mama anayehisi atasinzia akinyonyesha, hatari ni ndogo akiwa kitandani kuliko akiwa kwenye kochi au kiti cha mikono. Chama hichohicho kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, karibu na kitanda chao, kwa angalau miezi sita ya mwanzo. Chumba cha mtoto cha peke yake, ambacho huku tunakiona kilele cha malezi ya kizungu, madaktari wa kizungu wenyewe hawakitaki kwa umri huu.

Kufikia hapa najua bibi fulani wa Matombo anatabasamu. Anasema: si niliwaambia? Mtoto ni wa kulala na mama yake. Sisi tulilea kumi juu ya kitanda kimoja na hakuna aliyekufa. Na kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la bibi mzaa mama si la kupuuzwa nyumbani. Ndilo mara nyingi linaloamua mtoto alale wapi. Shikamoo bibi, lakini hata wewe sikubaliani nawe.

Wanaosema hakuna aliyekufa ni wale waliobaki hai. Waliokufa usiku hawapo kutoa ushahidi, na vifo vyao vilipewa majina mengine: degedege, jicho la watu, amri ya Mungu. Zaidi ya hapo, kitanda cha bibi hakikuwa kitanda cha leo. Alilala kwenye kitanda cha kamba kilichokazwa, juu ya mkeka, au chini kwenye ngozi. Palikuwa pagumu, mashuka machache, mito hakuna. Mjukuu wake analala kwenye godoro la sponji lililokwisha bonyea katikati, mwili wa mama unatengeneza bonde, na mtoto anabingirika humo akiwa na blanketi zito la Kichina juu ya kichwa. Baba naye kapita kilabuni kabla ya kurudi. Mtoto akiwa amezaliwa njiti, au mmoja wa wazazi akiwa mvutaji wa sigara, hatari inazidi. Methali inatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini mbachao wenyewe, ule mgumu na mtupu, tulikwisha uacha zamani tuliponunua godoro la inchi nane. Kilichobaki ni kiburi cha kuusifu.

Kuna mambo mengine mawili ya bibi ambayo sitayanyamazia. La kwanza ni kumlaza mtoto kifudifudi au ubavu kwa hofu ya kupaliwa na maziwa. Hofu hiyo ilikuwa ya madaktari pia. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni, tangu miaka ya 1950 alishauri watoto walazwe kifudifudi kwa sababu hiyohiyo. Uingereza ilipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Marekani ilifuata mwaka 1994 na kuona mporomoko wa namna hiyo. Sababu iko kwenye maumbile. Mtoto akilala chali, bomba la hewa huwa juu ya bomba la chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi lazima yapande ndipo yaingie kwenye pumzi. Akilala kifudifudi mpangilio unageuka. Na kama shida ni kichwa kuwa bapa kisogoni, dawa yake ni kumlaza kwa tumbo mchana akiwa macho na wewe ukimwangalia, wala si mto wenye tundu usiku.

La pili ni joto. Hapa Uluguru ina hali mbili zinazopingana, na mtu wa mjini asimhubirie wa mlimani bila kujua. Nyandira na Mgeta, mwezi Juni na Julai, baridi ni ya kweli na kichanga hupoteza joto haraka. Lakini jibu si jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa. Sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, nayo haichagui kati ya mama na mtoto. Jibu kwa mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu ni kifua cha mama. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Tanzania, Ghana, India, Malawi na Nigeria kwa watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi, ulikuta kwamba walioanzishiwa matunzo ya kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, na waliosubiri hadi hali itulie walikufa asilimia 15.7. Kwa mtoto njiti hakuna kitanda cha duka kinachoshindana na ngozi ya mama, naye alale kama wauguzi walivyoelekeza. Kwa aliyetimiza uzito, mshonee mfuko wa kulalia: kitambaa cha flana chenye matundu ya mikono na shingo, miguu ndani, usiokuwa na kofia. Fundi cherehani yeyote anaushona. Blanketi halitakuwa na sababu ya kupanda usoni kwa kuwa halipo. Lakini mjini, joto la Desemba, mtoto aliyevishwa sweta, soksi na kofia kisha akafunikwa khanga mbili anachemshwa. Gusa kifua chake au nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza.

Basi si kitanda cha picha, wala si godoro la sponji la baba na mama. Ni nini? Ni kitanda kidogo cha ubavuni: mtoto ana pahali pake, mama ana pake, na kati yao pana urefu wa mkono. Niseme ukweli wote: chama kilekile cha madaktari wa Marekani kilisema mwaka 2016 kwamba hakina ushahidi wa kutosha kuvipendekeza wala kuvikataza vitanda vya aina hii. Ulaya iliamua kuviwekea masharti, na kiwango chake cha mwaka 2019 cha vitanda vya vichanga kinavihusu. Nami sisemi kila kitanda cha ubavuni ni salama. Nasema kikitengenezwa vizuri, kwa nyumba zetu na mbu wetu, kinashinda vyote viwili vinavyogombaniwa. Kutengenezwa vizuri kuna maana hii.

Anza na chandarua, maana ndicho kinachoamua upana. Kitanda cha nne kwa sita kina upana wa sentimita 122. Chandarua cha sita kwa sita kinafunika sentimita 183. Mwambie seremala kitanda cha mtoto kiwe na upana wa sentimita 50 na urefu wa 90. Jumla ni 172, na mama na mtoto wote wanaingia chini ya chandarua kimoja chenye dawa, kikachomekwa kotekote. Mwenye kitanda cha tano kwa sita ana sentimita 152 tayari, kwa hiyo atafute chandarua kikubwa zaidi. Hela ya mito inatosha.

Pande tatu ziwe na fito za wima, nafasi kati yake isipungue sentimita 4.5 wala isizidi 6. Upande wa mama uwe mfupi, ubaki na kingo ya sentimita 12 hivi juu ya godoro la mtoto, na ncha ya kingo hiyo ilingane na godoro la mama. Kingo humzuia mtoto kubingirika, na huzuia shuka na blanketi za mama zisihamie kwake. Usimruhusu seremala akuwekee magurudumu. Kitanda kikazwe kwenye fremu ya kitanda cha mama kwa bolti au mikanda miwili imara, kila jioni uvute kuona kama kimeachia. Mwanya kati ya vitanda viwili ndio adui mkubwa wa mpango huu. Mwanya usioonekana mchana unatosha kumnasa kichanga usiku. Ukikuta mwanya, usiujaze kwa taulo wala mto. Kaza bolti.

Chaga zipangwe karibu karibu na ziwe ngumu. Weka chupa ya maji ikiwa imelala juu yake. Ikibingirika, kitanda kimeinama, mrudishie fundi. Godoro liwe la sponji ngumu, jembamba, lililokatwa kwa kipimo cha kitanda hicho kiasi kwamba vidole viwili havipenyi pembeni. Libonyeze kwa kiganja kisha uondoe mkono. Alama ya kiganja ikibaki, si godoro la kichanga. Shuka moja iliyovutwa ikakaza, basi. Mbao haina haja ya kuwa mninga. Mtiki wa Kilombero unafaa, paina ya Sao Hill inafaa, mradi imekauka na imepigwa msasa hadi mkono usikwaruzike. Rangi ikitumika iwe ya kampuni inayothibitisha haina madini ya risasi, na ikauke wiki kadhaa kabla mtoto hajalazwa. Kutopaka kabisa ni bora zaidi. Siku mtoto atakapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, kazi ya kitanda hiki imekwisha. Ahamishiwe chenye pande ndefu.

Wapo watakaosema hata huyo seremala hawamwezi. Ninao mfano kwa ajili yao, nao hautoki kwenye duka la kifahari. Huko New Zealand, watoto wa Wamaori walikuwa wakifa usingizini kwa wingi kuliko watoto wengine wa nchi hiyo, na kampeni ya kuwaambia akina mama waache kulala na watoto haikusikilizwa. Mwaka 2006 daktari David Tipene-Leach na wasukaji wa Kimaori walikuja na wahakura, kikapu bapa kilichosukwa kwa majani ya kitani cha kwao, kinachowekwa juu ya kitanda cha mama, mtoto akalala humo kwenye godoro jembamba. Utafiti uliolinganisha kikapu hicho na kitanda cha kawaida cha kichanga, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona kimeongeza hatari, na kufikia miezi sita akina mama walionyonyesha maziwa yao peke yake walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la kikapu. Finland nayo tangu mwaka 1938 hutoa sanduku la karatasi ngumu lenye godoro, na vizazi vya Wafini vimelala humo. Mkoa wenye wasukaji wa ukindu wengi kama huu wetu hauwezi kudai kwamba usalama wa mtoto unapatikana kwenye kontena tu. Kinachohitajika ni wauguzi wa kliniki, maseremala na wasukaji wakae meza moja na kukubaliana vipimo: kitako kigumu, ukingo mfupi, hakuna kilichochongoka, hakuna kinachobonyea. Somo la asubuhi kwenye kliniki ya mama na mtoto linamfundisha mjamzito lishe na dalili za hatari. Liongezwe dakika tano za pahali pa kulala, na baba aitwe, kwa sababu ndiye anayelipa fundi na ndiye anayeleta blanketi.

Watetezi wa kitanda cha picha wana hoja moja ya mwisho, nayo ni ya moyo: tunampenda mtoto, tunataka alale pahali pazuri. Sina shaka na upendo huo. Lakini uzuri ule hauonwi na mtoto. Macho ya kichanga hayaoni vizuri zaidi ya sentimita 30 hivi, umbali wa uso wa mama anayenyonyesha. Mito, tepe na wanasesere ni vya wageni. Mzazi anayejaza kitanda anawatumikia wageni kwa gharama ya pumzi ya mwanawe, na ndugu wanaokuja na zawadi za manyoya wanamsaidia. Wakitaka kusaidia kweli walete chandarua kikubwa, au wamlipe fundi, au wampikie mama mtori.

Anayetaka kunibishia na anibishie, ila kwanza anijibu maswali matatu juu ya kitanda anachokitetea. Ndani yake mna nini zaidi ya mtoto na shuka? Mama akinyoosha mkono bila kuamka, anamgusa? Chandarua kilichomfunika mtoto kina dawa? Akiyajibu yote matatu sawasawa, kitanda chake kiwe cha dhahabu au cha mbao za paleti, sina ugomvi naye. Akishindwa hata moja, asinionyeshe picha.